MUUGUZI NI NDUGU WA MGONJWA ALIYE MBALI NA NDUGU ZAKE

Hotuba ya walimu wa kambi, iliyosomwa mbele ya jumuiya katika kuadhimisha Siku ya Wauguzi

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Jumuiya,
Waheshimiwa wageni wetu kutoka mashirika yanayotuhudumia,
Wazee wetu, mama zetu, vijana na wanafunzi,



Tarehe 12 Mei ni Siku ya Wauguzi Duniani. Ni tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820, mwanamke aliyewafundisha watu wa wakati wake kwamba kumtunza mgonjwa ni kazi ya elimu, si kazi ya mtumishi tu. Kamati yetu imeona vema kuiadhimisha siku hii hapa Rusizi, katika kilima hiki cha Nyarushishi, na imetuomba sisi walimu tuseme neno. Tunashukuru kwa heshima hiyo.

Huenda mtu atauliza: mwalimu na hospitali wapi na wapi? Kazi yetu ni chaki na ubao chini ya turubai. Lakini mnajua kwamba mgonjwa wa kambi akilazwa, mara nyingi walimu ndio wanaoitwa waende kumlinda, kwa sababu tunasoma karatasi za daktari na tunajua maneno machache ya Kinyarwanda. Kwa hiyo tumekaa kando ya vitanda vingi. Tuliyoyaona huko ndiyo tunayotaka kuwaeleza.

Neno letu leo ni moja. Huruma ya muuguzi si tabasamu peke yake. Ni kazi yenye saa zake, yenye hatua zake na yenye elimu yake. Na kazi hiyo haikomi siku daktari anaposema kwamba dawa ya kuponya haipo. Siku hiyo ndipo inapoanza upya.

Kwa nini tunaficha wagonjwa

Tuanze na ukweli wetu wenyewe. Katika mahema yetu wako wagonjwa wanaofichwa. Mtu anakonda, anatapika, anaugua usiku kucha, na jamaa wanasema ni malaria tu. Anapofikishwa kwenye zahanati ya kambi, ugonjwa umekwisha kukomaa. Wahudumu wa mashirika wanashangaa na wengine wanadhani sisi ni watu wasiojali. Sivyo. Hofu hii ina mizizi, na inafaa tuitaje.

Mzizi wa kwanza ni kumbukumbu. Wengi wetu tumetoka bonde la Ruzizi, Uvira, Fizi na milima ya huko. Wazee wetu hawajasahau tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera iliposhambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na wafanyakazi wa hospitali wakauawa nao. Daktari mkuu wa hospitali hiyo alikuwa Denis Mukwege. Yeye alinusurika, na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Dunia inamjua kwa Panzi, lakini wazee wetu bado wanaikumbuka Lemera. Kwa mtu wa namna hiyo, kitanda cha hospitali si mahali pa usalama.

Mzizi wa pili ni lugha. Mgonjwa anajua Kifuliiru au Kibembe, na Kiswahili chake ni cha soko. Anaogopa kwamba ataumwa na hatajua kusema anaumwa wapi.

Mzizi wa tatu ndio mkubwa kuliko yote: hofu ya kufa peke yako katika nchi ya watu. Kwetu mtu hafi bila mkono wa ndugu juu yake. Mkimbizi ameacha ndugu zake njiani, wengine Burundi, wengine Uvira, wengine hajui waliko. Akilazwa, anajiuliza: nani atanifumba macho?

Mzee wetu na muuguzi wake

Mwaka 2025 mzee mmoja wa kambi yetu alilazwa katika hospitali moja ya wilaya hii. Jina lake tunaliacha kwa heshima ya familia yake. Alikuwa na saratani ya tumbo, nayo ilikuwa imekwisha kuenea. Tulimlinda kwa zamu kwa muda wa siku 22, mpaka alipofariki. Katika wodi hiyo alikuwapo muuguzi mmoja, mzaliwa wa hapa Rusizi. Hatukumwona akifanya miujiza. Tulimwona akifanya mambo madogo, kila siku, bila kuyaruka. Tutawatajia manne.

Jambo la kwanza, aliuliza jina. Siku ya kwanza hakusema "yule mkimbizi wa kitanda cha dirishani". Aliuliza mzee anaitwaje kwao, akaliandika jina hilo kwenye karatasi, na tangu hapo kila aliyeingia zamu alimwita kwa jina hilo na kumwongezea neno Mzee. Kiswahili chake kilikuwa cha Kamembe, kile kinachofanyia biashara na watu wa Bukavu, lakini kilitosha.

Jambo la pili, alimpa mzee lugha ya kusemea maumivu. Alimwonyesha mkono wake, akamwambia: "Mzee wangu, ngumi ni hakuna maumivu. Kidole kimoja ni maumivu kidogo. Vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Nionyeshe." Mzee akainua vidole vinne. Sisi walimu tunafundisha watoto kuhesabu kwa vidole, lakini hatukujua kwamba vidole vinaweza kuwa mkalimani wa mgonjwa. Baadaye tulielezwa kwamba njia hii hutumika katika hospitali nyingi za Afrika. Haihitaji mashine wala shule. Muuguzi aliuliza asubuhi, mchana na usiku, akaandika kila mara. Siku ya nne vidole vilikuwa viwili, na mzee alilala usiku mzima.

Jambo la tatu, aliutunza mwili ambao haukuwa na tumaini la kupona kana kwamba una safari ndefu mbele yake. Mgonjwa asiyejigeuza huoza mgongo na nyonga kwa kulalia upande mmoja. Kwa hiyo aligeuzwa kila baada ya saa mbili, na muuguzi alitufundisha namna ya kumgeuza bila kumburuta kwenye shuka, maana kuburuta huchubua ngozi. Alikunja kitenge akakiweka katikati ya magoti yake, mifupa isigusane. Mzee alipokuwa hawezi tena kunywa, alimlowesha midomo kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa, na akamsafisha ulimi. Usiku alikuwa na vitanda vingi na mikono miwili tu, lakini saa ya kugeuza ilipofika, alikuja mwenyewe au alitutuma sisi.

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni nzuri: usingoje mgonjwa aombe, mpe. Lakini muuguzi huyu alimuuliza. Akaambiwa uji wa mahindi unamchafua moyo, na kwamba kwao wanakunywa wa mtama. Kesho yake mmoja wetu aliupika huku kambini, ukabebwa katika chupa ya chai. Mzee alikunywa vijiko vinne. Kwa mtu aliyekuwa hajala siku mbili, vijiko vinne ni karamu.

Jambo la nne, hakumdanganya. Siku moja jioni mzee alimuuliza: "Binti yangu, nitapona?" Muuguzi hakujibu akiwa amesimama. Alivuta kiti, akakaa, akasema: "Mzee wangu, mwili wako wenyewe unakuambia nini?" Mzee akanyamaza kidogo, akasema: "Unaniambia nimefika." Muuguzi akasema: "Basi tutakuwa nawe. Maumivu hatutayaacha yakushinde. Kuna mtu ungependa kusema naye?" Mzee akataja mdogo wake aliyebaki ng'ambo. Ilichukua siku mbili kumpata kwa simu. Walizungumza kwa Kifuliiru, nasi tukatoka nje tuwaachie maneno yao. Kama angeambiwa "utapona tu, usiwe na wasiwasi", mazungumzo yale yasingekuwapo, na shamba lake lingebaki bila mtu kujua mipaka yake.

Alifariki alfajiri, mmoja wetu akiwa amemshika mkono. Muuguzi alimfumba macho, akamsafisha uso, akamnyoosha, na alipoandika habari zake aliandika jina lile lile aliloliuliza siku ya kwanza.

Elimu iliyo nyuma ya huruma hii

Ndugu zetu, msidhani haya yalitokana na moyo mwema tu. Moyo mwema bila elimu huweza kulia na mgonjwa bila kumsaidia. Utunzaji wa mgonjwa asiyeponyeka una historia, na katika historia hiyo yumo mkimbizi.

Mwaka 1947, katika jiji la London, Mwingereza Cicely Saunders, ambaye alikuwa amesomea uuguzi na wakati huo alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, alikutana na mgonjwa aliyeitwa David Tasma. Tasma alikuwa Myahudi wa Poland, ametoka Warszawa, hana familia karibu naye, na alikuwa na saratani isiyotibika. Saunders alikuwa akienda kukaa naye na kuzungumza naye. Tasma alifariki mwezi Februari 1948, akiwa na umri wa miaka 40, akamwachia Saunders paundi 500, akisema kwamba fedha hizo ziwe dirisha katika nyumba atakayoijenga. Saunders akasomea udaktari, na mwaka 1967, miaka 19 baada ya kifo cha Tasma, akafungua mjini London nyumba ya St Christopher's, ya kuwatunza wagonjwa wasiotibika. Kutoka hapo elimu hii ilienea duniani. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili peke yake: yamo ya moyo, ya familia na ya imani, na yote yanataka tiba. Tuikumbuke habari hii. Mkimbizi aliyekufa katika nchi ya ugenini alimwonyesha mwenyeji wake njia, na njia hiyo imefika mpaka kwetu.

Katika Afrika Mashariki, daktari Anne Merriman alianzisha huduma kama hiyo mjini Kampala mwaka 1993. Alitumia mofini ya maji, dawa ya kunywa, ya bei nafuu, ambayo mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani kwake. Madaktari walikuwa wachache, na vijijini hawakuwapo. Kwa hiyo Uganda ilibadili sheria, na mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wakaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Rwanda nayo ilitoa sera yake ya taifa ya huduma hiyo mwaka 2011, na imekuwa ikitengeneza mofini ya maji hapa nchini.

Tunajua wako wanaosema mofini ni dawa ya kumaliza mgonjwa. Tumewasikia kwenye foleni ya maji. Mzee wetu aliinywa kila baada ya saa nne, usiku na mchana, kwa kipimo. Haikumwua. Ilimwezesha kulala, kuzungumza na mdogo wake na kunywa uji. Muuguzi alitueleza kwamba dawa hii hutolewa kwa saa, bila kungoja maumivu yarudi, kwa maana maumivu yakisharudi ni kazi kuyashusha. Alitueleza pia kwamba hufunga choo, na kwa hiyo alimpa pamoja na dawa ya kulainisha. Anayejua mpaka habari ya choo cha mgonjwa wake, huyo hamwui.

Uuguzi nao huponya

Tusije tukadhani kwamba kazi ya muuguzi ni kusindikiza wanaokufa tu. Tarehe 27 Septemba 2024, Rwanda ilitangaza kuingia kwa ugonjwa wa Marburg, kwa mara ya kwanza katika nchi hii. Ugonjwa huo ni wa jamii moja na Ebola. Kwetu Kongo unajulikana: huko Durba, kati ya mwaka 1998 na 2000, waliugua watu 154 na wakafa 128. Nchini Angola, mwaka 2004 na 2005, waliugua 252 na wakafa 227.

Nchini Rwanda waliugua 66 na wakafa 15, mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba 2024. Hiyo ni chini ya robo. Hatusemi ni uuguzi peke yake. Wagonjwa waligunduliwa mapema, na walipewa dawa zilizokuwa zinajaribiwa, kwani iliyoidhinishwa haikuwapo. Lakini pia walitunzwa saa kwa saa: maji mwilini yakapimwa, pumzi ikaangaliwa, na waliozidiwa wakawekwa kwenye mashine ya kupumulia. Wagonjwa wawili waliofikia hatua hiyo walitolewa mrija wa kupumulia wakapona, na Shirika la Afya Duniani likasema linaamini ni mara ya kwanza jambo hilo kutokea barani Afrika kwa ugonjwa wa Marburg. Nyuma ya mashine kama hiyo yuko muuguzi. Mashine haijui kugeuza mtu.

Na gharama yake? Wengi wa waliougua, kama wanane katika kila kumi, walikuwa wafanyakazi wa afya. Waliambukizwa kwa sababu walimgusa mgonjwa wakati wengine wote walitakiwa kukaa mbali. Siku zile kuwatembelea wagonjwa kulizuiwa katika hospitali za nchi nzima. Kwa mgonjwa aliyelazwa, muuguzi aliyevaa mavazi ya kujikinga ndiye alikuwa mama, ndiye alikuwa ndugu. Leo tunapowakumbuka wauguzi, tuwakumbuke kwanza hao waliofariki.

Tunaloomba

Maneno bila vitendo ni upepo. Kwa hiyo tunaleta maombi yetu mbele ya jumuiya na mbele ya wageni wetu.

Kwa wakazi wa kambi, tunaomba mambo matatu. Kwanza, tusifiche wagonjwa. Ugonjwa ukiwahiwa, huenda ukatibika. Ukichelewa, hata maumivu yanakuwa magumu kuyatuliza. Pili, kila mtaa wa kambi uchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kuwalinda wagonjwa waliolazwa ambao hawana jamaa. Sisi walimu tutaandika zamu na kuibandika penye ubao wa matangazo. Tatu, anayekwenda kulinda mgonjwa asiingize dawa za kienyeji kwa siri. Amwambie muuguzi alicho nacho, anawe mikono kwa sabuni, aulize saa ya kumgeuza mgonjwa.

Kwa waheshimiwa wa mashirika, tunaomba kwa heshima mambo mawili. Kwanza, gari linapompeleka mgonjwa mahututi, limchukue na jamaa yake mmoja, na jamaa huyo apatiwe njia ya kurudi na ya kupokelewa zamu. Kwenu ni nafasi moja ya gari, na kwa mgonjwa ni tofauti ya kwenda hospitalini na kukataa kwenda. Pili, mgonjwa akifariki, familia iambiwe na mtu, kwa sauti, kabla habari haijafika kwa uvumi.

Sisi walimu tumeanza na la kwetu. Tumeandika karatasi moja yenye maneno 30 ya kitandani katika Kinyarwanda, Kiswahili, Kifuliiru na Kibembe: maji, baridi, maumivu, nigeuze, nataka choo, mpigie ndugu yangu. Wanafunzi wa madarasa ya juu wameinakili kwa mkono. Nakala zipo kwa katibu wa kamati, na tunaomba muuguzi yeyote wa wilaya hii azichukue bila malipo.

Kwa wauguzi wenyewe, wa zahanati ya kambi na wa hospitali zinazotupokea, tunasema ahsante. Tunajua mnarudi nyumbani mmechoka, na mnabeba vifo ambavyo hamna wa kumsimulia. Mlangoni petu mtakuta kiti. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nanyi mmetufaa wakati hatukuwa na la kuwapa.

Na kwenu wanafunzi wetu mlioketi mbele: wako kati yenu waliotuambia wanataka kuwa wauguzi. Jifunzeni hesabu, kwa maana kipimo cha dawa ni hesabu. Jifunzeni lugha za watu, hata zile ambazo hamzipendi, kwa maana hamjui mgonjwa wenu atatoka wapi. Na jifunzeni kuuliza jina.

Mungu awape nafuu wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowauguza.